Julai Misri, Bila Kiyoyozi

Jumatatu, 2 Juni

Baridi! Nimeamka magoti yamegoma, yote mawili. Mlima Meru hauonekani tangu wiki iliyopita. Pale ulipo kuna ukungu tu, kama ubao uliofutwa vibaya. Mke wangu Anande ameniletea chai na kuniambia nivae soksi. Nilikuwa nimevaa. Jozi mbili.

Lakini leo si siku ya kulalamika. Leo nimepata wazo!

Nimesoma kwenye simu kwamba Wazungu wastaafu hawakai kwao wakati wa baridi. Wanakwenda Misri, pwani ya Bahari ya Shamu, mwezi mzima au miwili. Hotelini hawakai, hoteli ni za watu wasiofikiri. Wanapanga nyumba yenye jiko, wananunua nyanya zao sokoni, wanajipikia, wanaota jua mpaka viungo vinalainika kama vya vijana.

Nikajiuliza: na sisi wa Arusha hatuna baridi? Juni, Julai, Agosti, hii ni nini kama si baridi? Mbona hakuna mtu wa Kijenge aliyewahi kulifikiria jambo hili? Jibu ni rahisi. Si kila mtu alikuwa afisa ugavi. Sisi watu wa ugavi tunaona mbali.

Sijamwambia mtu. Hasa Ludovick, jirani yangu. Ludovick alikwenda Dubai mwaka juzi, siku chache tu, na mpaka leo hawezi kukuazima nyundo bila kutanguliza "tulipokuwa Dubai". Alikwenda peke yake! Sijui hao "tulipokuwa" ni yeye na nani. Akisikia habari ya Misri atawahi kabla yangu. Siri, siri, siri.

Jumanne, 3 Juni

Nimegundua jambo ambalo Ulaya nzima haijaligundua.

Nyumba ya vyumba viwili, mji wa Hurghada, hatua chache kutoka baharini. Januari bei yake inatisha. Julai, nyumba ileile, vitanda vilevile, bahari ileile: chini ya nusu! Nilidhani nimesoma vibaya. Nikafuta miwani. Nikavaa ya Anande. Chini ya nusu!

Yaani Wazungu wote wanajazana Januari kama kondoo, Julai wanaacha nyumba tupu. Elimu yote ile.

Nimemwandikia mwenye nyumba, Bwana Tarek. Amejibu haraka na kwa adabu sana. Ameuliza: Julai, bwana? Una hakika? Nimecheka peke yangu sebuleni. Muuzaji akikuuliza kama una hakika, ujue anaijutia bei yake. Nimemjibu kwamba nina hakika kabisa, na nitakaa mpaka katikati ya Agosti.

Kimya cha saa nzima. Nimemshika pabaya.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwambia Anande. Nilimweleza vizuri, kuanzia magoti mpaka bahari. Alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. Akauliza nani atapika.

Nikamweleza tena kwamba ni nyumba ya kujipikia.

"Kujipikia nakujua, Baba Anneth. Nauliza nani atapika."

Nikasema, ah, tutaona tukifika.

"Nimepika kwenye nyumba hii tangu siku ya harusi. Sasa unataka nipande ndege nikapike?"

Hapo mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nikasema nitapika mimi. Kila siku. Safari nzima.

Akaweka kisu chini. Akaniangalia vile alivyokuwa akiniangalia tulipokuwa wachumba, nilipomwambia nitanunua pikipiki. Akauliza, kila siku? Nikasema kila siku, hata Jumapili. Basi, akasema, anakwenda.

Baadaye nikamsikia anaimba chumbani. Nje ya kwaya sijamsikia akiimba tangu binti yetu Anneth ahamie Dodoma. Safari hii ni lazima ifanyike.

Kuna kasharti kadogo. Jumamosi nimpikie mtori, aone kama sitamlaza njaa ugenini. Mtori! Ndizi, nyama, kuponda. Watoto wachanga wanaula. Utanishinda vipi?

Alhamisi, 5 Juni

Anande alikwenda mazoezi ya kwaya. Nikafanya jaribio la siri.

Matokeo: sufuria moja imeharibika. Nyama ilikuwa ngumu kama soli. Ndizi, sijui niliuziwa za aina gani, zilikuwa tamu kama keki. Na hakuna aliyeniambia kwamba ndizi mbichi zina utomvu! Mikono yangu ni myeusi mpaka kwenye viwiko, kama fundi wa malori. Nimesugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mafuta ya taa. Nimeshinda mikono mfukoni. Anande aliporudi nikamwambia ni baridi.

Sufuria nimeizika nyuma ya banda la kuku.

Hapa Kijenge namjua mwanamume mmoja tu anayepika mtori unaonukia mpaka barabarani. Ludovick! Mjane yule anajipikia mwenyewe kila siku. Harufu inapita juu ya ukuta bila haya.

Kumwendea Ludovick! Mimi!

Ijumaa, 6 Juni

Asubuhi, ushindi mkubwa. Bwana Tarek ameandika kwamba umeme wa kiyoyozi analipa mpangaji. Nikamjibu kama nilivyokuwa nikiwajibu wazabuni: sisi tunatoka kwenye baridi, tunakuja kutafuta joto, kiyoyozi ni cha nini? Kiondoe, upunguze bei. Akaandika: bwana, nakuomba, Julai usikae bila kiyoyozi. Nikashikilia. Akasema basi ataniwekea feni mbili, bure. Nikakataa feni. Nikamwomba mablanketi.

Amekubali. Amesema atatuombea.

Watu wa dini, Wamisri. Nimewapenda.

Jioni nikaenda kwa Ludovick. Nilimwambia nataka kumfurahisha mke wangu, basi. Misri sikuigusa. Akasema ni jambo jema, niende kesho asubuhi tupike wote, atanifundisha. Nikamwambia kesho asubuhi nina kikao. Akaniangalia. Nimestaafu, anajua. Akasema haya, atapika, nipitie mchana na hotpoti.

Hakusema "tulipokuwa Dubai" hata mara moja. Ana jambo huyu.

Jumamosi, 7 Juni

Ushindi wa pili! Nilimtuma Anande sokoni, nikaruka kwa Ludovick, nikarudi, nikaumimina kwenye sufuria yetu, nikajipaka unga kidogo kwenye shati. Unga hautumiki kwenye mtori, nimekumbuka baadaye. Haidhuru.

Anande alikula taratibu. Akaongeza. Akaniuliza nimeweka nini, nikasema viungo. Viungo gani? Vya kawaida, nikasema. Akanishika mikono (utomvu niliutoa jana kwa limau), akaigeuza huku na huku, akasema nina mikono misafi sana.

Nimefurahi. Usafi ndio msingi wa upishi.

Halafu akaongeza jambo. Amefurahi mno hivi kwamba Jumapili ijayo nitapika kwa mama yake, Nkoaranga. Watakuwepo mama mkwe, shemeji yangu Sifael wa Akheri, na Mchungaji Elihuruma. Wote waone mumewe alivyobadilika.

Nikasema hakuna shida. Shida zipo nyingi.

Jumapili, 8 Juni

Siri imekwisha. Anande amemwambia Mchungaji, na Mchungaji ameutangazia usharika mzima. Alisema Mungu aliwatoa watu Misri kwa taabu kubwa, na sasa Mzee Ndesanjo, yaani mimi, anarudi kuangalia kama kuna kitu walisahau. Watu wakacheka mpaka kwenye ngazi za nje.

Hata hivyo nimekuwa mtu mkubwa. Kina mama wa kwaya wananiagiza manukato. Mzee mmoja anataka maji ya Mto Nile kwenye chupa. Nimesimama mlangoni nikipeana mikono kama bwana harusi. Anande alisimama pembeni yangu na gauni lake la bluu, akimweleza kila mtu kwamba atakaa tu, atakula tu, Baba Anneth ndiye atakayepika.

Sasa siwezi kurudi nyuma hata nikitaka. Na sitaki!

Jumatano, 11 Juni

Ludovick amesikia. Nilijua. Alikuja mpaka getini, akanisalimia vizuri, halafu akasema, "Jirani, Julai kule si joto sana? Tulipokuwa Dubai ilikuwa Julai. Nilishindwa kuvuka barabara."

Ona wivu ulivyo! Mtu alishindwa na Dubai, anataka nami nishindwe na Misri. Nikamwambia kwa upole kwamba joto ndilo tunalolifuata.

Nikabaki na kazi ya kumwomba tena mtori, wa Jumapili, sufuria kubwa. Ilinibidi nimeze mate kwanza. Akaegemea geti.

"Kwa nini usijifunze, jirani? Ni saa mbili tu. Nitakaa nawe."

Nikamweleza kwamba mimi ni mtu wa mipango, si mtu wa kumenya. Akacheka, akatikisa kichwa, akakubali. Lakini alisema neno moja ambalo sikulielewa: kwamba anapika kwa sababu ya Anande, si kwa sababu yangu.

Nimelifikiria neno hilo mchana kutwa. Kwa sababu ya Anande! Nimeamua kumchunga huyu mtu.

Jumapili, 15 Juni

 Nitaeleza kwa mpangilio.

Anande alitangulia asubuhi na gari la Sifael. Mimi nikafuata na bodaboda, hotpoti ya Ludovick nimeikumbatia kama mtoto. Mpango: niifiche kwenye migomba chini ya nyumba ya mama mkwe, niwafukuze wote jikoni, niwashe moto, nitoe moshi wa kutosha, niibukie na mtori.

Bodaboda iliishia barabarani. Njia ya kwenda kwa mama mkwe inateremka kama ngazi isiyo na ngazi, na usiku kucha kulikuwa na manyunyu. Nilikwenda vizuri mpaka kwenye kona ya mibuni. Hapo miguu ikaenda mbele, mimi nikabaki nyuma. Hotpoti ikaniponyoka. Ikabingirika, ikaruka mgomba, ikafunguka. Mbwa wa jirani wa mama mkwe akafika kabla yangu. Aliula mtori wa Ludovick kwa heshima kubwa, mpaka akaulamba na mfuniko.

Mtu mwingine angerudi nyumbani. Mimi nilijifuta tope, nikaingia uani, nikampa mama mkwe shikamoo, nikatangaza, "Leo mwanamke hakanyagi jikoni!" Wakapiga makofi. Mama mkwe akavuta kigoda akaketi nje ya mlango wa jiko, kuona.

Na nani alikuwa ameketi kwenye benchi kando ya Mchungaji, na shati jeupe? Ludovick! Anande alimwalika. Sikuambiwa.

Nilipika. Mimi mwenyewe, kwa kuni mbichi, macho yakitoka machozi. Ndizi nilizimenya. Nyama niliichemsha. Nikatafuta chumvi, nikaona kopo lenye madongemadonge meupemeupe juu ya kichanja, nikatia konzi nzima. Mtori ukaumuka! Povu mpaka nje ya sufuria. Nikajua umekubali.

Walipewa mabakuli. Mchungaji akaomba. Mchungaji akaonja. Kijiko kikabaki hewani. Sifael aliutema wake kwenye leso akidhani sioni. Mama mkwe, ambaye huwa hasemi mengi, alimeza, akafikiri, akasema, "Mchungaji, tuombee tena hiki chakula."

Magadi! Nilitia magadi, konzi nzima, ya kulainishia makande. Ulikuwa na ladha ya kufulia.

Sifael alicheka mpaka akaanguka kwenye benchi. Anande hakucheka. Alisema wa Jumamosi haukuwa hivi. Halafu akamgeukia jirani yangu akasema, polepole tu, "Ludovick, asante kwa ule wa Jumamosi."

Alijua! Tangu kijiko cha kwanza. Alisema mtu aliyemenya ndizi hawi na mikono kama ya karani, na kwamba mimi sijui hata giligilani inauzwa wapi. Alitaka kuona kama leo nitapika kweli.

 Ludovick alikuwa anaendelea kula. Kijiko baada ya kijiko, ule mtori wa magadi, mpaka bakuli likawa tupu. Akajifuta mdomo. Akasema, "Wangu wa kwanza ulikuwa mbaya kuliko huu. Nilimpikia marehemu mke wangu, Anjela, alipokuwa hawezi kuamka. Niliuunguza. Aliumaliza wote, akaniambia kesho nipunguze moto." Akasema ndivyo alivyojifunza, kila siku akiambiwa kitu kimoja kutoka kitandani. Na safari ya Dubai ilikuwa ya Anjela. Aliipanga yeye, na hakuiwahi. "Ndiyo maana nasema tulipokuwa Dubai," akasema.

 Kuku tu walisikika. Nilihisi kitu kikinibana kifuani. Huenda yalikuwa magadi.

Ili kuchangamsha watu nikawaeleza kuhusu Misri. Kosa kubwa. Sifael akatoa simu, akasoma kwamba Hurghada leo, Juni, ni nyuzi joto arobaini na moja, na kwamba Julai watu wa kule wenyewe hawatoki ndani mchana. Akauliza tutawezaje. Mchungaji akasema kwa matumaini kwamba bila shaka kuna kiyoyozi.

Nikasema kilikuwepo. Nikasema nimekipigia bei mpaka kikaondolewa.

Sifael akaweka simu chini.

Na feni? akauliza Ludovick. Nikasema feni nilikataa. Niliomba mablanketi.

Sijawahi kuona mama mkwe akicheka. Ana meno mazuri kwa umri wake. Alicheka mpaka Mchungaji akamshika asianguke kwenye kigoda, na Mchungaji mwenyewe alikuwa analia. Hata Ludovick, aliyetoka kutuhuzunisha, alicheka.

Anande hakucheka. Aliondoa mabakuli. Nikamfuata jikoni, nikamwambia tutahamishia safari mahali pengine, kuna nchi nyingi.

"Sikutaka Misri, Baba Anneth," akasema. "Misri nitaifanyia nini? Nilitaka nikae kwenye kiti, mtu aniletee bakuli."

Halafu akasema kahawa ya mama yake imeanza kuiva na mikono haitoshi. Atabaki Nkoaranga. Mpaka lini? Hakusema.

Nimerudi Kijenge peke yangu. Nyumba ni baridi kuliko nje.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekula mkate.

Bwana Tarek ameandika. Nilimweleza kwamba kumetokea dharura ya kifamilia. Hakudai kitu. Amesema amefurahi sana, kwa namna aliyoandika nadhani alikuwa hapati usingizi. Anasema nije Januari, rafiki yangu, mablanketi yatakuwepo na yatahitajika.

Januari! Wakati Arusha kuna jua la kutosha! Nani anasafiri kufuata jua analoliacha nyumbani?

Jumatano, 18 Juni

Mkate tena, na chai. Nimempigia Anneth Dodoma ili amshawishi mama yake. Anneth alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, mama ameshanieleza. Kaponde ndizi." Akakata simu. Mtoto niliyemlipia ada!

Kuna jambo sikuwa nalijua. Nyumba hii jioni haina sauti. Nilidhani ni redio inayoijaza. Nimewasha redio. Si redio.

Alhamisi, 19 Juni

Nilikwenda kwa Ludovick. Sikuomba hotpoti. Nilisimama mlangoni na mkungu wa ndizi begani, nikamwambia sina kikao leo.

Alivuta kigoda cha pili. Alinipa kisu.

Ndizi ni mshare, si zile za sukari. Mikono unaipaka mafuta kwanza. Nyama ya mifupa, moto mdogo, na husogei. Hicho ndicho kigumu, kukaa. Nilitaka kwenda kuangalia simu, akasema kaa. Nilitaka kuongeza moto, akasema acha. Tulikaa kwenye vigoda kama vijana wa jando, tukiangalia sufuria. Aliniambia Anjela alikuwa anapenda ukiwa mwepesi, wa kunywa. Akaniuliza Anande anapenda vipi.

Sikujua. Tumeoana miaka thelathini na moja, sikujua.

Wa kwanza ulishika chini. Tukaupa mbwa. Wa pili ulikuwa wa wastani. Mafuta niliyasahau mara ya pili, mikono ni myeusi tena.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeamka mapema, nimepika jikoni kwangu, peke yangu. Ludovick alitaka kuja, nikakataa. Nimetia chumvi. Nimeionja kwanza kwenye ulimi kuhakikisha ni chumvi.

Ile njia ya Nkoaranga niliteremka nimekaa. Ndiyo, kwa makalio, sufuria mapajani, suruali nzuri. Watoto wa shule walinipita wakanipa shikamoo huku wakiziba midomo. Marahaba, nikasema, kama mtu anayesafiri kwa kawaida namna hiyo.

Anande alikuwa kwenye mibuni na mama yake, kikapu kiunoni. Alianza kwa kuangalia mikono yangu. Aliiangalia muda mrefu. Nikamvutia kigoda. Nikamletea bakuli. Nilisimama tu pale mbele yake na mfuniko mkononi, kama mhudumu.

Aliumaliza. Akasema chumvi imezidi. Akasema, "Mimi naupenda mzito." Halafu akanipa bakuli niongeze.

Mama mkwe naye aliomba bakuli. Hakutaka Mchungaji auombee.

Anande amesema kahawa imebaki kidogo, Jumatano atarudi. Nilipanda ile njia na suruali imechanika, sikusikia baridi hata kidogo.

Nimefikiri sana nikiwa njiani. Kumbe mbinu yangu ilikuwa sahihi. Nilimwacha apumzike milimani, nikasubiri wakati mwafaka, nikaingia na mtori. Mipango! Ugavi!

Jumatano, 25 Juni

Amerudi. Nimepika. Mzito. Amesema chumvi iko sawa. Ameuliza iko wapi sufuria yake ya wastani. Nimesema sijui.

Ijumaa, 27 Juni

Jana nilipika. Leo nilikuwa na utafiti mwingi kwenye simu, hivyo Anande alipika. Mara moja tu. Wapishi wote wakubwa wana siku ya mapumziko.

Jumapili, 29 Juni

Furaha isiyo na kifani! Usharika umepata mgeni kutoka usharika rafiki, Mzee Hans, wa kaskazini kabisa ya Norwei. Nilikaa naye kwenye chai baada ya ibada. Amesema kitu ambacho kilinifanya nimwage chai. Kwao kuna majira ambayo jua halizami. Halizami! Mchana, jioni, usiku wa manane, jua liko pale juu, watu wanavua samaki.

Safari hii nimeuliza maswali ya kitaalamu, sikukurupuka. Nikauliza: kuna joto kali la kuua? Hapana, amesema, hali ni nzuri tu, watu wanavaa kaptula. Viyoyozi? Hawana hata kimoja, hakuna anayevihitaji. Nyumba ya kujipikia? Anayo yake mwenyewe, ya mbao, kando ya maji, jiko lipo.

Nikauliza bei. Julai imejaa, watoto wake na wajukuu. Lakini Desemba na Januari, amesema, haikai mtu kabisa. Naweza kuichukua karibu bure.

Desemba! Jua lisilozama, nyumba tupu, karibu bure! Hawa Wazungu Mungu awasaidie, biashara hawaijui.

Mzee Hans alinishika mkono, akaanza kunieleza jambo refu kuhusu Desemba, uso wake umekuwa wa huzuni kidogo. Lakini kwaya ya vijana ilianza kuimba, nikadaka neno "giza" tu, mengine sikuyasikia. Nadhani alikuwa ananishukuru.

Nimemwambia Anande tukirudi nyumbani. Nimemhakikishia nitapika mimi, kila siku. Alisimama barabarani, akashika ukuta wa Ludovick, akacheka mpaka Ludovick akatoka nje kuuliza kuna nini. Furaha ya safari hiyo.

Mchana nimefungua kabati. Kanisani wanakusanya nguo za msaada kwa wenye shida. Nimetoa koti langu zito, masweta yote, kofia ya sufi na glavu. Vyote nimevipeleka leo hii. Huko tunakokwenda vitatuongezea mzigo tu.